Rida ya Mzee wa Doha

Benchi lile sikuliomba mimi. Nilipofungua duka hapa Kaloleni, Voi, nilikuja kuuza madera na leso, si kufuga wanaume. Lakini ukuta wangu hupata kivuli jua likishapinda, Idris muuza kahawa akaona hapo ndipo pa kutua dele lake, na palipo na kahawa hapakosi maneno. Ikaja mbao moja, yakaja mawe mawili ya kuishikilia, likawa benchi. Sasa kila alasiri wako pale, na migongo yao imeacha doa la mafuta kwenye rangi yangu. Yuko Ndambuki, ambaye reli mpya ilipokuwa ikijengwa alilinda lango la stoo ya simiti, akatoka huko na jina la Injinia. Yuko Samir, mwenye duka la misumari ng'ambo ya barabara. Huyo aliitwa kortini mara moja kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi, akaonja utamu, na tangu hapo ni Wakili. Na yuko mzee Muinde, mkulima wa upande wa Ndara, ambaye tangu bintiye Daisy aende kufanya kazi Doha tumelisahau jina lake, ni Mzee wa Doha tu. Mimi ni Saadiya. Wao huniita Mama Sumayya, na hunikumbuka wakitaka maji ya kunywa. Nakaa ndani, dirisha li wazi, nasikia nipende nisipende.

Siku hiyo mzee Muinde alikuja amekumbatia kitu kilichoviringwa taulo. Mwezi mzima alikuwa akitutangazia kwamba Daisy anamtumia tableti. Sasa ilikuwa imefika, imeletwa na rafiki yake Daisy aliyekuja likizo. Mzee akaketi, akafungua taulo polepole, akakiweka kile kitu mapajani.

— Haya, — alisema. — Semeni nyinyi. Hii ni tableti ama nimechezewa?

Kikapita mkono kwa mkono. Chembamba, cheusi, na kwenye kioo pana picha ya ndege wa kijivu juu ya tawi la kijivu.

— Rangi iko wapi? — Injinia aliuliza.

— Si ndio nauliza mimi.

— Video?

— Hakuna.

— Wasapu?

— Hakuna Wasapu, hakuna kamera, hata tochi hakuna! Simu yangu ya kubonyeza iko na tochi.

— Labda umeizima. Hebu iwashe.

— Imezima sasa hivi. Nikizima, huyo ndege anabaki hapo hapo.

Idris aliacha kumimina.

— Imezimwa, na bado yatutazama?

— Inatutazama.

— Audhubillahi. Imekufa macho wazi.

Injinia aliigeuza, akaigongagonga nyuma kwa ukucha, akaisikiliza kwa sikio. Kila kitu yeye hukisikiliza kwa sikio, hata tofali.

— Mimi nimeshaelewa, — alisema. — Huko Arabuni rangi ni ya kulipia. Kitu inatoka kiwandani nyeusi na nyeupe, halafu rangi unawekewa baadaye, moja moja. Kijani, nyekundu, hivyo hivyo. Daisy aliharakisha kutuma kabla haijawekwa. Chelewa chelewa utapata mwana si wako.

— Mwana wangu anaingilia wapi hapo?

— Hiyo ni methali tu, mzee.

— Methali ikamate mwana wako.

Wakili alikohoa. Akikohoa hivyo, jueni korti imeketi.

— Wacha mimi niongee kisheria. Kitu ikiwa na kioo mbele, na tundu ya chaja chini, na inashikwa kwa mikono miwili, hiyo mbele ya sheria ni tableti. Kama haifanyi kazi ya tableti, imevunja mkataba.

— Mkataba gani, yakhe? — Idris aliuliza. — Mzee amepewa zawadi na mwanawe.

— Zawadi ni mkataba wa mdomo.

— Hata kioo changu cha kunyolea kina kioo mbele.

— Kiko na tundu ya chaja?

— Hakina.

— Basi usipotezee korti wakati.

— Mie naona hivi, — Idris alisema, na alikuwa ameanza kuudhika. — Dele hili hutia kahawa. Halipiki pilau, wala sijawahi kulilaumu kwa pilau. Kwani lazima kila kitu kifanye kila kitu?

— Dele haina kioo.

— Jamani hicho kioo!

Hapa niwaambie jambo moja, na nawaambia nyinyi kwa kuwa hamkai Kaloleni. Mzee Muinde hajui kusoma. Nalijua hilo kwa sababu siku moja aliniletea karatasi ya kliniki, akasema miwani ameisahau nyumbani. Muinde hana miwani, hajawahi kuwa nayo. Nilimsomea, akasema "ndivyo nilivyodhani," akaenda zake. Kanisani, nasikia, hushika kitabu cha nyimbo na haachi hata neno, kwani zote amezihifadhi. Hapa benchini gazeti la Wakili likimfikia hulitazama kwa muda wa kutosha, hutikisa kichwa, husema "Hii serikali," halafu hulipitisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza serikali gani, ya ukurasa gani. Watu humchukulia ni msomi kidogo. Nami nilinyamaza, maana aibu ya mtu mzima si kitu cha kuchezea. Tableti aliitaka ili imwonyeshe uso wa Daisy na kumsikizisha sauti yake, basi. Kitu cha maandishi matupu kingemvua nguo mbele ya benchi zima, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Mara akapita Derrick, kijana wa kibanda cha simu karibu na stendi. Akaitwa. Akakichukua kile kitu kwa vidole viwili, akabonyeza kidude cha chini. Kioo kikageuka cheusi ghafla, kikameta, ndege akapotea, yakaja maandishi. Injinia aliruka kidogo, kisha akajifanya anakuna mguu.

— Mzae, hii si tableti bana, — Derrick alisema. — Hii ni i-rida.

— Rida ndiyo nini?

— Ya kusoma vitabu. Kazi yake ni hiyo tu, kusoma.

— Inasoma yenyewe? — Muinde aliuliza haraka, na kwenye ile sauti nilisikia matumaini yake yote.

— Zii. Wewe ndio unasoma.

Muinde akaipokea, akairudisha mapajani.

— Na kuna kitabu moja tu ndani, — Derrick aliendelea. — Sijafungua. Mimi na vitabu tuliachana kitambo, kila mtu akashika njia yake.

— Basi kesi imeisha! — Wakili alipiga paja. — Ushahidi uko hapa mezani. Mzee wa Doha, tusomee ukurasa mmoja, tusikie kama inafaa ama haifai.

— Macho leo yako na vumbi.

— Vumbi ya Voi tunayo sisi wote. Mistari miwili tu.

— Nimesema macho yako na vumbi.

— Lete nikusomee mimi, — Injinia alinyoosha mkono.

— Usiguse! — Muinde akaifunika kwa viganja vyote viwili, ndege akarudi chini ya vidole vyake. — Hii ni ya mtoto wangu. Ni mambo ya kifamilia.

— Ya kifamilia, na umeileta kwa benchi?

Wakili alikuwa akimtazama mzee kwa jicho la shahidi wa mbuzi, kichwa upande. Bado swali moja tu na mambo yangeharibika. Sasa mimi si mtu wa kujiingiza. Lakini nilijikuta nimetoa kichwa dirishani, na ujinga huu ulionitoka wallahi sijui ulikuwa umekaa wapi.

— Kwani rida si ya kusomea mita? — nilisema kwa sauti. — Yule kijana wa stima aliyekuwa akija kila mwezi zamani, si mkimwita mita rida? Basi mita yangu hiyo hapo ukutani, jaribuni.

Derrick alinitazama kama nimepandwa na homa. Injinia, Mungu ambariki, alisimama wima.

— Mama Sumayya amesema! Rida! Hii ni ya mita! Ndio maana haina rangi, kwani mita iko na rangi? Ndio maana haina nyimbo!

— Sasa Daisy amtumie baba yake mita rida ya nini? — Wakili aliuliza, na nikaona amemwacha mzee, amegeukia upande ule mwingine. Nikashusha pumzi.

— Amemtafutia kazi! Atakuwa akizunguka nyumba kwa nyumba. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Maze, mita za siku hizi ni za tokeni, unalipia kwanza, — Derrick alisema. — Hazisomwi.

— Ndio maana zinatumaliza! Kwa sababu hazisomwi!

Wakaja wote ukutani kwangu. Muinde naye alikuja, na sasa alikuwa wa kwanza kuunga mkono. Injinia akaielekeza ile rida kwenye mita, akasogea hatua moja nyuma, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kikameta.

— Imesoma! — Injinia alipiga kelele.

Na hapo hapo, juu ya kichwa changu, feni ikaanza kuzubaa, ikasimama. Redio ikakata katikati ya tangazo. Stima ilikuwa imepotea.

— Imesoma na imemaliza, — alisema Idris.

— Mmenifyonzea tokeni zangu! — nilifoka. Ujinga niliuanzisha mwenyewe, lakini nawaapia wakati ule niliuamini. Ilinibidi nisikie mtaa mzima ukiguna, kinyozi akilaani na kichwa cha mteja kimenyolewa nusu, ndipo nikajua hatukuwa peke yetu.

— Mtaa mzima! — Injinia alinong'ona. — Bila waya!

— Hiyo sasa ni kesi nyingine, — Wakili alisema, na akarudi benchini upesi kuliko wote.

Walipokwisha kuketi, Injinia alikuwa amebadilika uso. Mtu aliyezima mtaa si mtu wa kurudi kwenye mambo ya mita.

— Nimekosea, — alisema. — Hii si ya mita. Hii ni ya ndovu.

— Asi! — Muinde alisema.

— Wale ndovu wa mbugani si mmewaona, wengine wamevalishwa mikanda shingoni? Ile mikanda iko na habari ndani. Lazima isomwe na kitu, na hiyo kitu lazima ikae porini bila chaji. Mzee, tangu hii ije umeichaji mara ngapi?

— Sijachaji hata siku moja.

— Mmesikia? Simu ya nani hapa inakaa hivyo? Daisy amesikia ndovu wanamaliza mahindi ya baba yake huko Ndara, akamtafutia rida yao. Ndovu akikaribia shamba, huyo ndege anaruka.

— Huyu wa kwenye kioo?

— Huyo huyo. Anaruka.

Wakamtazama ndege. Idris pia, dele mkononi. Hata Derrick aliinama kidogo. Nisiwafiche, nami niliangalia kutoka dirishani. Ndege hakuruka.

— Hakuna ndovu karibu, — Injinia alieleza.

— Ngojeni, — Idris alisema. — Maneno yote haya ya nini, na mtumaji ana mdomo? Mzee, Daisy alikwambia neno gani? Neno lenyewe, usiongeze.

Muinde alifikiri.

— Alisema, "Baba, nimekutumia kitu cha kusomea."

— Kusomea! — Idris aliweka dele chini. — Sasa nimeona. Chombo cha kusomewa! Mtu akiwa na maradhi yasiyojulikana, si husomewa? Huyo binti ameota ndoto mbaya huko aliko. Mzee, usiku walala vyema?

— Idris, mimi ni Mkristo.

— Jini haulizi dini.

— Mimi nalala vizuri!

— Ndivyo wasemavyo wote.

Nilifikiri hapo ndipo yatakapoishia, kahawa ikinywewa, kila mtu na ndovu wake. Lakini Derrick alikuwa amekimbia hadi kibandani kwake na kurudi, na kwapani alikuwa na tableti. Tableti ya kweli, ina nyufa kwenye kona, ameiwasha, rangi zinacheza.

— Mzae, sikiza. Mi nakupa hii. Iko na Wasapu, kamera, kila kitu. Wewe unanipa hiyo rida. Kuna mwalimu fulani huko Wundanyi anaitafuta sana.

— Iko na ufa, — Wakili alisema.

— Kidogo tu, kwa kona.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, — Injinia alionya.

— Si basi mzee atapata na ukuta bure!

Muinde hakucheka. Alikuwa akiitazama ile tableti kama mtu wa njaa anavyotazama sahani ya mwenziwe.

— Mtu akinipigia kutoka Doha, naona uso?

— Uso, meno, hadi pale nyuma jikoni kwake.

— Na anaongea namsikia?

— Mpaka jirani wanasikia.

— Zawadi ya mwana haibadilishwi hivyo, mzee, — Idris alisema taratibu. — Ungemuuliza mwenyewe kwanza.

— Nimuulize nini? — Muinde akapaza sauti. — Mtu anakuomba maji, unampa jembe? Mimi nilisema tableti. Nilisema wazi, kwa simu, Mbithe mke wangu akisikia. Kitu iko na kioo, basi ifanye kazi ya kioo! Inionyeshe mtoto wangu! Miaka minne sijamwona. Hii inanionyesha nini?

Mimi jibu nilikuwa nalo, lakini ni jibu ambalo ukilisema umemmaliza mtu. Iliniuma, niseme ukweli. Nilitaka kumwambia asiibadilishe, angoje hata kesho, aje dukani peke yake nimsomee kilichomo kama nilivyomsomea ile karatasi ya kliniki. Nikasema moyoni si langu, nikakunja dera ambalo lilikuwa limekunjwa tayari. Akaiweka rida kwenye benchi, katikati yake na Derrick. Derrick akaipangusa tableti kwa fulana ili ampe.

Ndipo akatokea mama mmoja na makreti matupu ya ndizi, jasho linamtiririka.

— Habari zenu. Nimeambiwa gari la Taveta linajaza abiria hapa mbele. Naweza kukaa nikingoja?

— Karibu mama, — Idris alisema. — Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kahawa?

— Nitashukuru. Mimi ni Susan. Huwa naleta ndizi, leo zimeisha zote, miguu nayo imeisha.

Wakasogeleana. Nafasi ilipatikana pale ilipowekwa rida. Susan akaiokota asije akaikalia, na kidole gumba chake kikakibonyeza kile kidude cha chini. Kioo kikameta. Akagusa tena, kitabu kikafunguka. Nilikuwa mahali pa kuona. Herufi zilikuwa kubwa kama za kwenye bango la mbele ya duka, mistari michache tu kwa ukurasa. Muinde alinyoosha mkono, lakini mkono ulichelewa. Susan alikuwa ameshaanza kusoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, jinsi wasomavyo watu waliozoea kusomea watoto.

— BABA ANA PUNDA. — Akasogeza kidole. — PUNDA WA BABA NI MKAIDI.

Injinia alianza kutabasamu.

— PUNDA ALISIMAMA KATIKATI YA RELI. TRENI IKALIA POOO! PUNDA HAKUTOKA. — Susan alicheka mwenyewe. — BABA ALIVUA KOFIA. BABA ALIMWOMBA PUNDA MSAMAHA.

Tabasamu la Injinia likafa. Huyo punda Kaloleni nzima inamjua. Alikuwa wa Muinde. Ni miaka mingi sasa, alisimama kwenye reli ya zamani, treni ya mizigo ikasimama mbele yake ikipiga honi, na mzee Muinde, baada ya kumchapa fimbo bila faida, alivua kofia mbele ya umati, akamwambia punda, "Nisamehe, ndugu yangu, nilikukosea." Punda akatoka. Daisy alikuwepo, yuko juu ya mkokoteni, msichana wa meno ya mbele yaliyong'oka.

— Aki hii ni tamu, — Susan alisema. — Ni kama kitabu cha mtoto wangu wa PP2, wa chekechea, lakini vile vya shule havina maneno matamu hivi. Hii imeandikwa kwa mtu anayeanza kusoma. — Akainua macho, akatutazama mmoja mmoja kwa uso mkunjufu. — Ni ya nani hapa?

Swali jepesi kabisa. Wanaume waliokuwa wamejua bei ya rangi Arabuni na siri za shingo za ndovu, wote wakawa mabubu. Injinia alitazama ndani ya finjani. Wakili alipata shida na kamba ya kiatu chake. Derrick akafungua mdomo, Idris akamkanyaga mguu.

— Kahawa imekwisha, — Idris alisema. — Haya jamani, tawanyikeni.

Dele lilikuwa juu ya jiko lake la makaa, nalisikia likitokota. Hakuna aliyebisha. Injinia akasimama, akapangusa suruali. Wakili akasimama, akasema amemwona mteja. Mlango wa duka lake ulikuwa umefungwa, na mbele yake hapakuwa na hata mbuzi.

— Kaeni, — Muinde alisema.

Hawakukaa, lakini hawakuondoka.

— Mama, hiyo ni yangu. Nimetumiwa mimi. Mimi sijui kusoma.

Alilisema bila kuinamisha kichwa. Nikashika ukingo wa dirisha.

— Pole mzee, — Susan alisema, — mimi sikujua, nilikuwa nauliza tu...

— Umeuliza vizuri. — Kisha akageuka, akawa anaongea na barabara zaidi kuliko na sisi. — Wakati Daisy yuko shule, kila jioni alikuwa ananiletea daftari nikague. Nakaa nayo chini ya taa. Nafungua ukurasa moja moja, naguna kidogo, nasema vizuri, natia tiki. Kila jioni. Na yeye amesimama hapo ananingoja. Nikimaliza anasema, "Asante, baba." Kumbe alijua. Yuko mdogo hivi, alijua, na alikuwa anasema asante.

Injinia alikaa polepole mahali pake pa kila siku. Idris akaanza kumimina ile kahawa iliyokuwa imekwisha, na kila mtu akapokea bila kushangaa.

— Baba iko wapi hapo? — Muinde alimuuliza Susan.

— Hapa. Hii yote ni "baba."

— Ni herufi ngapi?

— Nne.

Mzee akasogeza uso karibu. Akaweka kidole, kidole cha jembe, kipana, kikafunika nusu ya neno. Akakiondoa, akaweka ukucha tu.

— Hii na hii zinafanana.

— Ni moja, mzee. Hiyo ni B. Na hizi nyingine zote mbili ni A.

— Asi! Basi si nne. Ni mbili tu, zinarudi.

— Ni mbili tu.

Honi ililia barabarani. Gari la Taveta. Susan akakusanya makreti yake, akamshika mzee begani, akasema nenda polepole, kuna kurasa nyingi. Akaondoka mbio. Derrick bado alikuwa amesimama na tableti yake, rangi zinacheza.

— Mzae, na ile maneno yetu? Tunabadilisha?

— Hapana. Hiyo yako ni nzuri, lakini uso wake ninaujua. — Muinde hakuinua macho. — Hapa mtoto amekaa usiku huko baada ya kazi, akaandika juu yangu, na mimi sijui amesema nini. Kuna neno asante hapa ndani?

Wakili alisogea, akapitisha ukurasa, mwingine, mwingine, midomo ikicheza kimyakimya. Palikuwa na punda, na mahindi, na mama akicheka.

— Sijaiona, mzee. Haijaandikwa.

— Basi hiyo nitamwandikia mimi. Inaanza na nini?

Kila mmoja akampisha mwenziwe.

— Na A, — nilisema mimi, dirishani.

— Hii ya kwa baba?

— Hiyo hiyo.

— Basi nimeshaianza, — alisema.